Nyumba sita, kiwanja kimoja: kujenga kwa pamoja bila kuuchosha mtaa wa zamani

Hali hii inajulikana sana Tabora mjini. Kiwanja cha marehemu baba kiko Isevya, au Gongoni, au Ng'ambo. Nyumba iliyomo ni ya miaka mingi, bati limeshika kutu, ua wa nyuma ni mkubwa na una mwembe. Warithi ni sita: wawili wapo mjini, wengine wametawanyika Kahama, Mwanza na Dar es Salaam. Kuuza hawataki. Kukata vipande sita haiwezekani, maana kila mmoja ataambulia ukanda mwembamba usiotosha kitu. Ndipo mmoja anapopendekeza wajenge nyumba ndogo sita humo humo, kila mtu na yake. Anayetaka akae, asiyetaka apangishe.

Habari ikifika kwa majirani hupokewa kwa miguno. Mama wa nyumba ya pili anauliza maji ya mvua yataelekea wapi. Mzee wa ng'ambo ya barabara anauliza magari yatalala wapi. Mwingine hasemi kitu, ila wiki inayofuata anapandisha ukuta wake kozi nne za tofali.

Miguno hiyo mara nyingi hutafsiriwa kuwa wivu au ushamba. Si kweli. Ukiisikiliza vizuri utagundua kuwa hakuna anayelalamikia idadi ya nyumba. Wanalalamikia vitu ambavyo mchoraji wa ramani hakuvichora kabisa, kwa sababu viko nje ya kuta za nyumba: maji, macho, moshi, choo, mahali pa kukaa jioni. Nyumba nyingi katika kiwanja kimoja hukubalika mtaani au hukataliwa kutokana na mambo yaliyo kati yake, na kutokana na kile zinachomtupia jirani. Rangi ya ukuta na aina ya bati ni mambo madogo.

Haja ya kujenga namna hii itazidi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 226,999 katika Manispaa ya Tabora. Ile ya 2022 ikakuta wamevuka 300,000. Reli ya kisasa inajengwa kupitia hapa, na mji tayari unatanuka kwenda Ipuli, Malolo na kwingineko. Kila unapotanuka, bomba la maji, nguzo ya umeme na barabara lazima vifuate, na vyote vina gharama. Mitaa ya katikati ina hayo tayari, ina shule na soko kwa mguu. Viwanja vyake vikubwa vyenye nyumba moja iliyochakaa ndivyo vitakavyojengwa upya, tupende tusipende. Kilichobaki ni kujua vitajengwaje.

Tabora imekuwa ikiishi hivi

Anayesema nyumba za kuchangia ua ni mambo ya kuiga aende Kwihara, nje kidogo ya mji, akaone tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi. Tembe ni vyumba vilivyopangwa kuuzunguka ua, milango ikitazama ndani, kuta za nje zikiwa zimefungwa, paa bapa la miti na udongo. Watu wengi, mifugo na mizigo ya msafara viliishi pamoja humo bila mtu kukanyagana na mwenzake, kwa kuwa kila kitu kilikuwa na upande wake.

Kisha njoo mitaa ya zamani mjini. Nyumba ya Kiswahili ya kawaida ina ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma wenye jiko na choo, na baraza mbele. Ni nyumba moja kwa macho ya mpita njia, lakini ndani mna familia nne, tano, wakati mwingine sita, kila moja na chumba chake na foleni moja ya bafu asubuhi. Msongamano wa watu uliopo humo ni mkubwa kuliko wa nyumba sita ndogo zitakazochukua nafasi yake. Hakuna jirani aliyewahi kuandamana. Mbele ya nyumba pana baraza linalotazama barabara, mwenye nyumba anajulikana, maji machafu yana mahali pake, na anayepita anajibiwa salamu.

Kwingine duniani wamefika hapo hapo kwa njia ndefu. Kule Radburn, New Jersey, mwaka 1929 Clarence Stein na Henry Wright walipanga nyumba zikiwa zimeipa mgongo barabara ya magari na kuelekeza uso kwenye bustani ya pamoja. Wazo lilisifiwa sana, na Waingereza wakalichukua baada ya vita kuu ya pili kwa mitaa mingi ya nyumba za umma. Huko likawaletea taabu: mgeni hakujua mlango wa mbele ni upi, na barabara ikabaki na kuta na mapipa ya taka, bila macho ya mtu. Miaka mingi baadaye, katika mji mdogo wa Langley, jimbo la Washington, halmashauri ilibadilisha kanuni mwaka 1995 ili nyumba ndogo ziruhusiwe kujengwa kwa wingi zaidi katika kiwanja, kwa sharti kwamba zizunguke uwanja wa pamoja. Mwaka 1998 msanifu Ross Chapin alikamilisha nane za kwanza, kila moja na kibaraza chake, magari yakiwa yametengwa pembeni. Mtanzania akiziangalia picha zake haoni ajabu kubwa. Baraza, ua, na gari lisiloingia uani.

Hesabu ambazo haziisemi kweli yote

Ukienda halmashauri kuomba kibali cha ujenzi, utakutana na vipimo viwili. Cha kwanza ni sehemu ya kiwanja inayofunikwa na majengo. Cha pili ni jumla ya sakafu zote ukilinganisha na ukubwa wa kiwanja. Ni vipimo vya lazima na vina maana yake, lakini havitoshi, na mfano huu utaonyesha kwa nini.

Chukua kiwanja cha mita 30 kwa 40, yaani mita za mraba 1,200. Nyumba sita za mita 6 kwa 9, kila moja mita za mraba 54: vyumba viwili, sebule, jiko, choo cha ndani. Jumla ya sakafu ni mita za mraba 324, sawa na asilimia 27 ya kiwanja. Kwa mji, huo si ujenzi mzito hata kidogo.

Sasa ziweke kwa namna tatu.

Ya kwanza ndiyo tunayoiona kila mahali. Zimebandikwa pamoja kwa safu moja ya urefu wa mita 36 ubavuni mwa kiwanja, milango ikitazama upande mmoja, kama behewa lililosahauliwa stesheni. Mbele ya safu pamemwagwa zege au vitofali vya pevingi mpaka mpakani, na upande wa barabara kuna ukuta wa kozi kumi na mbili na geti la chuma. Jirani wa ubavuni anaamka na kukuta mita 36 za ukuta mtupu na madirisha ya vyoo sita.

Ya pili: nyumba tatu chini, tatu juu, ghorofa moja katikati ya kiwanja. Eneo linalofunikwa linapungua kwa nusu, na kwenye makaratasi linapendeza zaidi. Lakini familia tatu za juu sasa zinaona ua wa kila jirani.

Ya tatu: nyumba mbili zinakaa mbele, zikitazama barabara, kila moja upana wa mita 9, na kati yake kuna uwazi wa mita 5. Ubavuni pande zote kunabaki mita 3.5. Ukipita ule uwazi unaingia uani, upana mita 14, urefu karibu mita 20, nyumba mbili zikiwa kulia na kushoto na mbili za mwisho nyuma kabisa. Uwiano wa sakafu ni ule ule, na familia ni sita zile zile.

Kwa jumla ya sakafu, ramani zote tatu zina asilimia 27. Kwa jirani ni mitaa mitatu tofauti. Ndiyo sababu nasema afisa mipango miji anayepiga hesabu peke yake, bila kufika kiwanjani, atapitisha ramani mbaya kwa dhamiri safi.

Geti lirudi nyuma ya baraza

Ramani ya tatu ina jambo moja ambalo ni jepesi kulichora na gumu kuwashawishi wenye nyumba. Zile nyumba mbili za mbele zisizungushiwe ukuta mrefu. Ziache zionekane, na baraza zake ziguse mtaa, labda kwa kiukuta cha kukalia tu. Geti, kama lazima liwepo, liwekwe kwenye ule uwazi wa mita 5, sambamba na kuta za nyumba au nyuma yake kidogo.

Najua hoja ya wezi. Ni hoja ya kweli. Pikipiki huibwa, nguo huanuliwa na mikono isiyo yake. Ila ukuta wa mbele una tabia moja ambayo watu hawaipimi: mwizi akishauvuka, unamficha yeye. Nyumba mbili zenye watu barazani hadi saa tatu usiku zinalinda uwazi wa mita 5 vizuri kuliko chupa zilizovunjwa na kupandwa juu ya ukuta. Na geti likiwa kwenye uwazi, nyumba nne za ndani zina ulinzi ule ule ambao wangeununua kwa ukuta mrefu wa mita 30. Matofali yanayobaki yanatosha kujenga kitu kingine cha maana.

Upana wa mita 9 kwa nyumba ya mbele sikuuchagua kwa bahati. Tembea katika mtaa wa zamani uangalie nyumba zilizopo: mlango, madirisha mawili au matatu, nafasi, kisha nyumba nyingine. Jengo jipya linaloonyesha barabarani uso wa mita 9, nafasi, uso mwingine wa mita 9, linasomeka kuwa nyumba mbili za kawaida. Zile nne za nyuma hazimsumbui mpita njia kwa sababu hazimkabili. Paa liwe la mgongo wenye mteremko kama ya jirani. Sina ugomvi na bati za msauzi. Paa la kuficha nyuma ya ukuta, ambalo sasa ni fasheni, silipendi kwa Tabora: linahitaji mfereji uliojificha, nao ukiziba kwa majani ya mwembe maji yanarudi darini.

Macho

Ua wa nyuma katika mitaa hii ni chumba kisicho na dari. Hapo mama anapika, mtoto anaogeshwa, mgonjwa anaota jua la asubuhi, mwanamke anakaa bila ushungi. Kuuona ua wa mtu bila ruhusa ni kosa kubwa kuliko kupaka ukuta rangi ya ajabu.

Hesabu ya macho ni rahisi. Ukuta wa mita 2 unamtosha jirani kwa mtu aliyesimama chini, ambaye jicho lake liko kama mita 1.6 kutoka ardhini. Mpandishe mtu huyo ghorofani, jicho lake litakuwa karibu mita 4.6. Dirisha lake likiwa mita 3 kutoka mpakani, mstari wa macho unapita juu ya ukuta na kugusa ardhi ya jirani mita 2.3 tu baada ya ukuta. Yaani ukanda wa mita mbili na ushei ndio unaobaki salama. Ua wote uliobaki uko wazi. Kuinua ukuta hakusaidii sana. Utahitaji ukuta mrefu kuliko nyumba.

Kwa hiyo kama lazima upate ghorofa, na kuna viwanja ambavyo hali inalazimisha, iweke mbele, juu ya zile nyumba mbili zinazotazama barabara. Madirisha ya juu yaangalie barabara na ua wenu wenyewe. Upande wa majirani yawe madirisha ya juu ya kichwa, ya kuingiza hewa na mwanga pekee. Barabara haina siri.

Nyumba za kulia na kushoto ziwe za chini, na ukuta wake wa mpakani usiwe na madirisha ya kufunguka kwa urefu wa jicho. Hapa hali ya hewa inatusaidia. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini ya Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, wakati ambao joto la mwaka liko kileleni. Saa sita mchana ukuta hauguswi sana. Anayechomwa ni bati. Ukuta unachomwa asubuhi upande wa mashariki na alasiri upande wa magharibi. Kama barabara iko kusini ya kiwanja, nyumba za ubavuni zina kuta ndefu zinazotazama hizo pande mbili mbaya. Ukiziba ukuta wa mpakani umemstiri jirani na umejikinga na jua kwa tofali hilo hilo. Upande wa uani weka kibaraza cha mita 1.5 au 2, dari yenye matundu ya kutoa hewa moto, na mlango uangaliane na dirisha ili upepo upite.

Maji, ambayo ndiyo ugomvi wenyewe

Kama kuna sehemu moja ya kusoma mara mbili ni hii. Majirani wengi wa Tabora wamefikishana kwa mwenyekiti wa mtaa kwa sababu ya maji ya mvua kuliko kwa sababu ya muziki.

Mvua za hapa huanza Novemba na kuisha Aprili, na mara nyingi hushuka kwa vishindo vya muda mfupi. Tuseme mvua moja ya milimita 50. Nyumba ya zamani yenye paa la mita za mraba 120 ilikuwa inatiririsha lita 6,000, zinazodondoka kwenye ua wa mchanga na kuzama. Sasa nyumba sita, ukihesabu na machomozo ya bati, zina paa la mita za mraba 440 hivi. Hizo ni lita 22,000. Ukiongeza mita za mraba 600 za pevingi unapata lita 30,000 nyingine, ambazo zamani zilinyonywa na ardhi. Jumla zaidi ya lita 50,000 kwa mvua moja, zote zikitafuta bonde. Na bonde mara nyingi ni ua wa mama wa nyumba ya pili, yule aliyeuliza swali siku ya kwanza.

Hapa udongo unaamua. Sehemu za juu za mji zina udongo wa kichanga, unaonyonya maji haraka. Ukishuka kwenye mbuga, yaani mabonde ya chini, unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Ukichimba shimo la kunyonya maji humo umechimba kisima cha mbu. Chimba shimo la majaribio la mita moja, lijaze maji jioni, urudi asubuhi. Jaribio hilo halina gharama, na litakuokoa na ramani ya kunakili kutoka Dar es Salaam.

Kwenye kichanga, dawa ni kutofunika. Pevingi iwe njia ya kutembelea na ya gari, si zulia la ua mzima. Ua wa mita 14 kwa 20 ubaki udongo, nyasi na kivuli. Bati zifungwe mifereji iendayo kwenye matangi. Simtanki tatu za lita 5,000 zinapokea lita 15,000, zaidi ya nusu ya maji ya mapaa katika ile mvua yetu, na ni maji ya kufulia siku bomba likikauka. Kinachofurika kiende kwenye shimo la kokoto ndani ya kiwanja chenu. Kwenye mbuga, inua misingi, chonga mfereji wa wazi unaoelekea kwenye mfereji wa barabara, na kubaliana na mtaa kabla. Usiinue kiwanja chote kwa kifusi. Ukifanya hivyo umeugeuza ua wa jirani kuwa bwawa, na hakuna salamu itakayorudisha ujirani.

Maji machafu yana hesabu nyingine. Nyumba sita zenye watu watano watano ni watu 30. Kila mmoja akitumia lita 60 kwa siku ni lita 1,800, na nne ya tano yake, lita 1,440, huishia chemba, yaani shimo la majitaka. Ukiyapa maji hayo siku mbili za kutulia, na ukaweka akiba ya tope la miaka mitatu, unahitaji chemba ya mita za ujazo 6 na nusu hivi. Chemba moja kubwa yenye vyumba viwili, iliyojengwa sawasawa, ni bora kuliko vishimo sita vilivyochimbwa kila mtu kwa fundi wake. Iwe karibu na ule uwazi wa mita 5, mahali ambapo gari la kunyonya litafika. Kwa safu ya mtindo wa kwanza, chemba huwa nyuma kabisa ambako gari haliingii. Ikijaa, mwaka wa nne, mtaa wote unajua kwa pua.

Maji yanayotoka chemba yanazama ardhini, na kwenye kichanga yanasafiri. Umbali unaotumika sana kati ya shimo la choo na kisima cha maji ni mita 30. Kiwanja chenu kina upana wa mita 30 tu. Maana yake kisima cha jirani ndicho kitakachowaambia shimo liwekwe wapi, hata kama mnadhani mnapanga kwenu. Kabla fundi hajapiga kamba, zungukeni nyumba za jirani, pigeni hodi, ulizeni visima viko wapi.

Mwembe, moshi, gari

Miembe ya Tabora ni ya zamani na kuikata ni rahisi mno. Ua wa ramani ya tatu una ukubwa wa kuubakiza mmoja katikati. Usichimbe msingi chini ya matawi yake, usirundike kifusi kwenye shina, na usiweke bati mahali ambapo embe bichi litadondoka usiku. Kivuli chake ndicho kitakuwa sebule ya familia sita.

Wengi bado wanapikia mkaa, hata wenye jiko la gesi. Kiangazi upepo huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo banda la jiko la nje likae magharibi ya ua, na lisipakane na dirisha la jirani wa upande huo. Kamba za nguo, mahali pa taka, na sehemu ya kufulia yenye sakafu na mfereji vichorwe tangu mwanzo. Visipochorwa vitajitafutia mahali, na mara nyingi ni mbele.

Magari mawili au matatu yanatosha kulala yakifuatana kwenye ile nafasi ya mita 3.5 ya ubavuni. Bodaboda na bajaji zina nafasi yao kwenye uwazi. Uani gari lisiingie, isipokuwa la zimamoto, la kubeba mgonjwa au la mchanga. Nakubali kwamba hili litavunjwa siku ya harusi.

Karatasi

Ramani nzuri ikiwa na umiliki mbovu inakufa mikononi mwa warithi. Wasijenge kabla ya mirathi kukamilika na jina la marehemu kuondoka kwenye hati. Baada ya hapo wana njia mbili. Wanaweza kubaki na hati moja kwa umiliki wa pamoja, kila mmoja akiwa na fungu lake, jambo ambalo Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inalitambua. Au wanaweza kutumia sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, Namba 16 ya mwaka 2008, ambayo wengi wanadhani ni ya maghorofa ya Dar es Salaam tu. Inahusu pia mafungu ya majengo: kila mtu anamiliki sehemu yake, na maeneo ya kuchangia yanakuwa ya wote, yakisimamiwa kwa umoja wa wamiliki.

Mimi ningewashauri njia ya pili kwa yeyote anayefikiria kuuza siku moja. Kwenye hati moja, mrithi mmoja akitaka mkopo wa benki, wote sita wanaitwa kusaini. Tatizo lake ni kwamba inahitaji mpimaji, ada na uvumilivu.

Penye makazi yasiyopimwa, jambo la kwanza ni urasimishaji, na hapo ndipo watu hung'ang'ania kila sentimita ya mpaka. Ila uchochoro uliokuwa ukipitwa na mtaa mzima tangu zamani, hata kama bikoni mpya, zile alama za mpaka, zinaonyesha ni wenu, uacheni upitike. Ramani ya tatu inauruhusu: mita 3.5 za ubavuni zipo.

Kuhusu bili, kila nyumba iwe na LUKU yake na mita yake ndogo ya maji. Luku ya kuchangia imevunja udugu mwingi kuliko mirathi yenyewe. Gharama za pamoja zibaki chache: kunyonya chemba, taa ya ua, kusafisha mifereji kabla ya Novemba. Ziandikwe, na kiasi kikubaliwe wakati wote wako kwenye kikao kimoja, si kwenye kundi la WhatsApp.

Zikijengwa kidogo kidogo

Warithi sita hawapati fedha kwa pamoja. Huyu ana za msingi, yule atapata pensheni mwakani. Kwa hiyo utaratibu wa kujenga ni sehemu ya ramani. Fedha za kwanza za pamoja ziende ardhini: chemba, mashimo ya kokoto, mabomba yaliyolazwa mpaka kwenye kila nyumba ijayo. Kisha zianze nyumba mbili za mbele, ingawa fundi atakwambia uanze za nyuma ili lori lipite. Uwazi wa mita 5 unalitosha lori la mchanga. Za mbele zikiwepo, mtaa unaanza kuwazoea watu wenyewe kabla ya vumbi la miaka mitatu kuisha.

Zikiachwa za mwisho, kiwanja kitakuwa wazi upande wa barabara, na mtu atakuja na wazo la fremu nne za maduka za kupangisha kwa muda. Fremu za muda hazibomolewi. Zitakula uwazi, kisha baraza, na nyumba nne za nyuma zitabaki zikiingiwa kwa kichochoro cha mita moja kati ya duka la simu na saluni. Kama duka linatakiwa, na mara nyingi linasaidia mtaa, liwe chumba kimoja cha nyumba ya mbele, mlango wake ukifungukia barazani, na liwemo kwenye ramani inayopelekwa kuombewa kibali.

Ramani hiyo, kabla haijapigwa muhuri, ipelekeni kwa majirani wanne wanaopakana nanyi na kwa mwenyekiti wa mtaa. Msipeleke picha ya rangi inayoonyesha nyumba tu. Pelekeni karatasi iliyochorwa mishale ya maji, mahali pa chemba, na madirisha yanayotazama kwao. Watakosoa. Mara nyingi watakosoa mshale wa maji, na mara nyingi watakuwa sahihi, kwa sababu wao ndio walioona maji ya masika yakipita hapo kabla yenu.